Chemchemi ya Kitinda

11 Machi

Baba ametangaza. Sisemi ameomba. Ametangaza, kikombe mkononi, chai ikipoa. Tarehe tisa Mei anatimiza miaka themanini, na keki hataki.

"Keki nimeshakula za kutosha," amesema. "Nataka ile chemchemi ya Kitinda. Ile ya chokoleti."

"Baba, una kisukari."

"Sijasema nitaoga humo. Nataka kuiona ikimwagika. Na nitachovya kipande kimoja. Kimoja tu, mwite na daktari ashuhudie."

Binti yangu akacheka mpaka akapaliwa. Mimi sikucheka. Kitinda ni mdogo wangu. Jina lake linamstahili pande zote mbili: ni kitindamimba wa nyumba hii, ingawa tulizaliwa wawili tu, na kazi yake ni kupika vitindamlo kwenye hoteli moja ya nchi jirani. Mwaka huu inatimia miaka tisa hatujasemezana.

Mashine aliiacha alipokwenda huko. Iko stoo ndani ya boksi lake, chini ya mifuko ya nguo za marehemu Mama. Zamani alikuwa akiikodisha kwenye sherehe za watu kila Jumamosi, na mimi nikimbebea ndoo. Kazi yangu iliishia kwenye ndoo. Chokoleti aliyeyusha yeye peke yake, mlango wa jiko umefungwa, eti upepo haufai.

Mvua ya kwanza imeshuka jioni. Dari la jiko linavuja palepale linapovuja kila mwaka. Nimempigia Fundi Paa. Amesema kesho.

12 Machi

Fundi Paa hakuja.

15 Machi, Jumapili

Nimeitoa mashine. Nilidhani nitakuta kutu, kumbe ilifutwa vizuri, ikazungushiwa taulo, ikafungwa kamba. Ni mnara wa ngazi tatu unaokaa juu ya beseni. Ndani ya mnara kuna parafujo ndefu ya plastiki inayopandisha chokoleti mpaka kileleni, ikifika huko inamwagika ngazi kwa ngazi kurudi chini.

Tumeiwasha tupu. Baba alikuwa fundi wa lifti miaka thelathini na nne, mota anaipima kwa masikio. Akainamisha kichwa kama daktari anayesikiliza kifua.

"Nzima," akasema. "Imekaa kimya muda mrefu tu."

Kisha akauliza, kama anavyouliza kila baada ya siku mbili tatu, "Kitinda hajapiga?"

Kila mara namjibu hajapiga. Kwangu mimi ni kweli.

18 Machi

Mvua siku nzima. Kwenye duka letu la miwani wamekuja wateja wawili, wote miwani imekanyagwa.

22 Machi, Jumapili

Jaribio la kwanza. Nimevunjavunja nusu kilo ya chokoleti ndani ya sufuria, nikaweka motoni moja kwa moja, nikakoroga kama mtu anayejua. Dakika nne ikaanza kunuka. Dakika ya tano ilikuwa punje punje za kahawia, na mafuta yamejitenga pembeni. Binti yangu akaja mbio kutoka chumbani akidhani waya za umeme zinaungua.

Nasaga lenzi miaka kumi na saba. Kosa la nusu milimita naliona kwa jicho. Chokoleti imenishinda.

27 Machi

Fundi Paa amepiga mwenyewe kuniambia kwamba leo haji. Nimemshukuru, ni hatua.

29 Machi, Jumapili

Jaribio la pili. Safari hii bakuli juu ya sufuria ya maji, kama binti yangu alivyoona kwenye simu. Ilianza kuyeyuka vizuri, inang'aa kama kiatu kilichopigwa rangi. Moyo ukanitulia. Nikainua kichwa nimwite Baba aje aone, na tone likadondoka kutoka darini. Tone moja. Nililiona likishuka.

Ndani ya pumzi tatu chokoleti yote ikashikana, ikawa donge kavu kama udongo wa mfinyanzi. Mwiko ukasimama wenyewe katikati.

Baba alisogea akatazama. "Tone moja tu?"

"Moja tu, Baba."

Akatikisa kichwa, akarudi kwenye kiti chake kando ya kabati la simu. Nimekaa na lile donge mpaka maji ya chini yakapoa.

5 Aprili, Jumapili

Jaribio la tatu. Nimehamisha jiko upande wa pili, mbali na panapovuja. Imeyeyuka bila kuungua na bila kushikana. Tumeimimina kwenye beseni, tukawasha. Ikapanda, ikafika kileleni, halafu ikaanza kuporomoka kwa mabonge, tapu, tapu, upande mmoja tu, kama ukuta wa tope unaomeguka. Mezani, sakafuni, kwenye soksi za Baba.

"Nzito," binti yangu akasema. "Inahitaji kitu. Mama, si umuulize mama mdogo?"

"Nimuulize nini?"

"Hiyo chokoleti."

"Nitajifunza mwenyewe."

"Mama, umeharibu kilo mbili. Yeye ndiyo kazi yake."

Nikamwambia, kwa sauti niliyosikia ni kubwa, kwamba mama yake mdogo ni mtu aliyemwacha mama yetu augue wiki tatu bila kuja kumshika hata mkono, akaja siku ya mazishi na sanduku la magurudumu. Huyo simuulizi hata saa ngapi.

Binti yangu alipiga magoti akaanza kufuta sakafu. Baba alikuwa amekaa palepale, soksi zake zina chokoleti, anatazama dirishani.

6 Aprili

Sikulala vizuri. Niandike ilivyokuwa. Siku ile, mbele ya watu wote, wakati bado wanarudi kutoka makaburini, nilimwambia, "Umekuja kuzika. Kuuguza hukuja." Kitinda alifungua mdomo, akaufunga. Jioni ile ile aliondoka. Mwaka wa kwanza alinipigia mara tatu. Sikupokea. Kisha akaacha.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa.

10 Aprili

Nimerudi kutoka kazini mapema kwa sababu umeme ulikatika dukani. Nikiwa kwenye korido nikamsikia binti yangu chumbani akisema, "Hapana, mama mdogo, ameiunguza ya kwanza tu. Ya pili iliingia maji." Kisha sauti ikatoka kwenye simu. Sikuyashika maneno, sauti tu. Bado anavuta mwisho wa sentensi kama anaulaza kitandani.

Nilisimama na mwavuli unachuruzika miguuni pangu.

Alipotoka akanikuta. Hakujaribu kuficha.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu zamani, Mama. Tangu nilipopata simu. Kila Ijumaa."

"Na Babu yako anajua?"

"Babu huongea naye pia. Wewe ukiwa kazini."

Kwa hiyo kila anaponiuliza kama Kitinda amepiga, Baba anajua fika kwamba amepiga. Anachoniuliza ni kitu kingine. Nimeishi na mtoto huyu na mzee huyu nikidhani nawajua hadi wanavyokohoa.

12 Aprili, Jumapili

Maagizo yamefika kupitia mjumbe. Binti yangu anasimama mlangoni pa jiko, simu sikioni, mimi niko jikoni.

"Anasema maji ya chini yasichemke. Yatoe moshi tu, basi."

"Mwambie hayachemki."

"Anasema umeweka mafuta?"

"Mafuta gani?"

Akasikiliza. Kisha binti yangu akatabasamu. "Anasema, 'Mwambie mafuta ya kupikia, yasiyo na harufu, nusu kikombe kwa kila kilo, la sivyo atakuwa anapandisha zege.'"

Nimeweka. Imelainika. Ukiinua kijiko inashuka kama utepe, haikatiki. Baba akaja na kipande cha biskuti mkononi, akasema ni cha ukaguzi.

13 Aprili

Nimeandika namba yake kwenye simu mara mbili, nikafuta mara mbili. Wakati huo mteja amesimama mbele yangu ananishangaa.

16 Aprili

Nimempigia. Mchana, nikiwa peke yangu chumba cha nyuma, mashine ya kusaga imezimwa. Alipokea simu ilipolia mara ya pili.

"Haloo?"

"Ni mimi."

Nikasikia vyombo kwa mbali, jiko kubwa, mtu anaita sahani.

"Dada," akasema.

Nikamwambia chemchemi inamwagika upande mmoja. Akauliza kama meza imelala sawa. Nikasema nadhani. "Usidhani. Weka glasi ya maji juu ya meza, uitazame kwa pembeni. Kama maji yameegemea, meza nayo imeegemea. Chomeka kadibodi chini ya mguu."

"Haya."

"Na mashine ipashe moto kwanza, dakika tano, kabla hujamimina. Ukimimina kwenye chuma baridi inaganda njiani."

"Haya. Asante."

"Haya."

Dakika tatu na kidogo. Nilirudi kazini nikasaga lenzi ya kulia ya mteja kwa namba ya kushoto.

18 Aprili

Nimempigia kuuliza kama chokoleti nyeupe inafaa. Haina haja, hatutatumia nyeupe. Akasema inaungua haraka, niachane nayo.

20 Aprili

Nimempigia kuuliza kama nanasi linateleza kwenye kijiti. Akasema nilikaushe kwa kitambaa kwanza, maji ni adui. Kisha akauliza, "Dari la jiko bado linavuja?" Nikasema bado. "Fundi Paa yule yule?" Yule yule. Akacheka. Ule mcheko wa puani! Miaka tisa nilikuwa nimesahau kwamba hucheka kwa pua.

Mvua haijakatika siku tatu. Sijali.

21 Aprili

Swali la leo: zabibu zenye mbegu au zisizo na mbegu. Aibu imenipungua.

24 Aprili

Leo nimekosa swali. Nilipiga tu nikakaa kimya, naye akasema, "Mashine ikianza kukohoa, yaani ikitoa mapovu juu, kuna hewa ndani. Zima, hesabu thelathini, washa tena." Nikamwambia nitakumbuka. Akaniambia juu ya chumba anachopanga, ghorofa ya nne, na jirani anayepiga filimbi vibaya. Hakuolewa. Alikaribia mara moja. Nilitaka kumuuliza ni nani na ilikuwaje, nani alikuwa akimsuka nywele, alipougua nani alimpikia. Nikamuuliza anatumia kijiti cha urefu gani.

Kumkumbuka kwangu sasa kunauma kuliko nilipokuwa nimemkasirikia. Hasira ilikuwa inanishika mkono.

26 Aprili, Jumapili

Amesema atakuja.

Ameomba ruhusa kazini, atafika tarehe nane jioni, atayeyusha yeye mwenyewe. Nilipomwambia Baba, alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

Lakini kabla hajakata simu, Kitinda akasema hivi, naandika kama alivyosema: "Dada, uliyoniambia siku ile yalikuwa kweli. Nimeyabeba miaka yote. Mama akiwa karibu kufa ningepaswa kuhisi, hata nikiambiwa ni homa tu. Mtoto wa kweli angejua. Nataka nije nikuombe msamaha ana kwa ana."

Nikamwambia basi la jioni huwa linajaa, akate tiketi mapema.

27 Aprili

Sikwenda kazini. Nimesema naumwa, na si uongo sana.

Tarehe sita niliandika hapa "Hivyo ndivyo ilivyokuwa." Haikuwa hivyo. Daftari hili ni langu mwenyewe, hakuna anayelisoma, na hata humu nilijificha.

Mama alipoanza kuugua, daktari alituita mimi na Baba, akatuambia ini limekwisha, ni wiki chache. Kitinda alikuwa akipiga kila siku, kwenye simu ya nyumbani, ile iliyokuwa juu ya kabati. Mimi ndiye niliyekuwa napokea. Siku ya kwanza akauliza, "Mama anaendeleaje?" Nikasema, "Homa tu." Akasema, "Nipe niongee naye." Nikasema, "Amelala."

Siku ya pili, homa tu. Siku ya tano, anaendelea vizuri. Siku ya kumi aliniuliza moja kwa moja, "Dada, nije?" Nikamwambia, "Uje kufanya nini? Utapoteza kazi bure."

Mama alikuwa macho. Alikuwa akinitazama kutoka kitandani, mlango wazi, akauliza, "Ni Kitinda?" Nikamwambia ni watu wa dukani.

Kwa nini? Nimelizunguka swali hili tangu asubuhi. Kitinda ndiye aliyependwa bila jasho. Akiingia nyumbani Mama anainuka. Mimi nilikuwa niko hapo kila siku, nikifua, nikibeba ndoo, na hakuna anayeinukia mtu ambaye yuko hapo kila siku. Wiki zile tatu Mama alikuwa wangu. Aliita jina langu tu. Alinishika kifundo cha mkono asiniachie. Nilijua Kitinda akifika, macho yataelekea mlangoni. Nikajiambia siku mbili zaidi tu, kisha nitamwambia. Mama akafa siku ya ishirini na moja, alfajiri, akiwa ameniuliza mara ya mwisho kama mdogo wangu amepata habari.

Na siku ya mazishi, niliogopa. Nilijua ataniuliza mbele ya watu, "Mbona ulisema homa?" Nikamwahi.

Mvua imenyesha mpaka saa kumi. Kwenye jiko bakuli la kukingia maji limejaa nikalimwaga, likajaa tena.

29 Aprili

Nimemwambia. Ningeweza kusubiri afike, tuyeyushe chokoleti, tucheke, Baba afurahi, kisha siku moja baadaye. Hizo ni zile "siku mbili zaidi tu." Nimepiga mchana.

Nilimwambia yote. Daktari, ini, wiki chache, na mlango uliokuwa wazi. Hakunikatiza. Nilipomaliza, vyombo vya hoteli vikaendelea kugongana kule kwake.

"Ulisema homa," akasema.

"Nilisema homa."

"Nilikuuliza nije."

"Uliniuliza."

"Aliniulizia?"

Hapo ningeweza kumdanganya kwa huruma. "Kila siku," nikamwambia.

Nilisikia kitu kama mtu aliyejigonga. Kisha simu ikakatika.

30 Aprili

Hapokei.

1 Mei

Ijumaa. Hakumpigia hata binti yangu.

2 Mei

Hapokei. Mvua.

3 Mei, Jumapili

Binti yangu ameniuliza nimemfanya nini mama yake mdogo. Nimemwambia. Aliondoka mezani. Jioni alirudi akasema, "Nakupenda, Mama, lakini leo usiniguse." Nimesema sawa.

4 Mei

Fundi Paa amekuja! Kwa hiari yake, na ngazi na lami, akiimba. Amekaa juu saa mbili. Alipotelemka akasema tundu lenyewe lilikuwa dogo kama jicho la sindano, akashangaa mimi kulalamika miaka yote ile.

Alipoondoka, Baba akaniita. Nilijua binti yangu hakumwambia chochote. Nikamwambia Kitinda huenda asije, na sababu ni mimi. Nilianza kumweleza, akainua kiganja.

"Nilikusikia," akasema.

"Ulinisikia nini?"

"Homa tu. Amelala. Uje kufanya nini." Aliyasema kwa sauti yangu, mzee huyu, mpaka kupanda na kushuka kwake. "Nilikuwa kwenye kiti hiki. Masikio yangu unayajua."

Nilikosa pa kushika. "Kwa nini hukuniambia kitu, Baba? Kwa nini hukunipokonya simu?"

Alitazama kabati la simu. "Nilijiambia Kitinda akija, basi mama yenu anakufa kweli. Kama haji, labda ni homa." Akafuta mdomo. "Ukawa unanisemea uongo nilioutaka. Kisha ukabeba hatia peke yako, nami nikaona vyema unavyoibeba. Kila nikikuuliza kama amepiga, nilikuwa nakungoja."

Niliketi sakafuni, kichwa changu kwenye goti lake. Nina miaka hamsini na mmoja. Hakunibembeleza wala hakunisukuma.

7 Mei

Hapokei. Nimenunua kilo nne. Nitayeyusha mwenyewe.

9 Mei, Jumamosi

Tulikuwa watu kumi na wanane. Mafundi wa lifti wanne waliobaki, wazee wote, walikaa upande mmoja wakibishana juu ya jengo ambalo lifti yake iliwahi kukwama na bwana harusi ndani. Wenzangu wa dukani. Majirani. Fundi Paa alikuja na mkewe na akawa anaonyesha watu dari.

Nilianza saa nane. Jiko kavu, mlango umefungwa. Maji yakitoa moshi bila kuchemka. Kilo nne, vikombe viwili vya mafuta, kwa mafungu, nikikoroga polepole kutoka katikati. Glasi ya maji mezani, kadibodi chini ya mguu wa kulia. Mashine ikapata moto dakika tano. Kila kitu nilikifanya kwa maneno yake, nikayasema kwa mdomo, "Usidhani," "Maji ni adui," na mara moja nikageuka kumuuliza kama kijiko kinashuka vizuri, kana kwamba yuko nyuma yangu.

Nikamimina, nikawasha. Ikapanda. Ikakohoa mara moja. Nikazima, nikahesabu thelathini, nikawasha tena. Ikafika kileleni, ikafunguka pande zote kwa mara moja, pazia la kahawia lisilo na tundu, ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu, likirudi chini bila sauti. Watu wakasema "Aaah" kama watoto.

Baba alisimama mbele yake na kipande chake cha ndizi kwenye kijiti. Hakuchovya. Alitazama mlango. Mlio wa gari ukapita nje, akasubiri uishe. Basi la jana jioni lilikuja bila Kitinda, nilikwenda kituoni mimi mwenyewe. La leo mchana nalo nilikwenda.

"Chovya, Babu, inapoa," binti yangu akamwambia.

"Haipoi," akasema, "hiyo inajipasha." Akachovya, akala, macho kafumba. Alipofumbua yalikuwa yamelowa, na fundi mmoja wa lifti akamtania kwamba kisukari kimempanda mpaka machoni.

Binti yangu alikuja akasimama kando yangu. Aliegemeza bega lake kwenye langu, mara moja tu, akaenda kuongeza zabibu.

Kila mtu alinisifu. Nilitaka mtu mmoja aniambie nimekosea wapi.

10 Mei, Jumapili

Kusafisha. Chokoleti huwezi kuimwaga kwenye sinki, inaganda ndani ya bomba. Nimeikwangua kwa kijiko siku nzima.

14 Mei

Mvua ya asubuhi tu. Hapokei. Nimeacha kupiga, mlio wa simu si wa kumlazimisha mtu.

19 Mei

Jua.

23 Mei, Jumamosi

Saa nne asubuhi, dukani, niliinua kichwa nikamwona amesimama mbele ya kioo cha fremu, mgongo kanipa. Nilimjua kwa shingo. Nywele zina mvi mbele. Mkononi begi dogo la siku moja.

Aligeuka. Hatukukumbatiana. Alivua miwani yake akaiweka kaunta.

"Imekaa upande," akasema.

Sikuwahi kujua kwamba anavaa miwani. Niliipasha moto, nikaunyoosha mkono wa kushoto, nikazunguka kaunta nikamvisha. Vidole vyangu vilipita nyuma ya masikio yake.

"Sijaja kwako," akasema. "Nimekuja kwa Baba."

"Twende, nikufungulie mlango."

Baba alimsikia kabla hatujafika getini. Alikuwa amesimama, yeye ambaye siku hizi kusimama ni kazi. Walishikana muda mrefu. Nikataka kuwaacha, Baba akasema, "Kaa." Akamwambia Kitinda mbele yangu kwamba simu zile alizisikia zote, na kwamba angeweza kuinyakua ile simu kwa mkono mmoja, hakufanya hivyo. "Dada yako alidanganya, mimi nikanyamaza. Ukigawa hasira, nipe na mimi fungu langu. Nisife nikiwa msafi kwa uongo."

Kitinda alilia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima. Akasema angalau angemshika mkono. Angalau angemsikia akimwita mara moja. Mara moja tu! Alipotulia aliniomba nimwonyeshe nguo za Mama. Nilimtolea mifuko yote. Alichagua sweta la kijani, akalinusa, akasema halinuki kitu tena. Alilikunja akalitia begini.

Saa kumi nilimsindikiza kituoni. Barabara imekauka, madimbwi yamebaki pembeni tu. Basi likiwa linapakia akasema, bila kunitazama:

"Sijakusamehe, Dada."

"Najua."

"Sijui kama nitaweza. Usinipigie. Nikitaka nitapiga mimi."

"Sawa."

Alipanda. Nilingoja anitazame kupitia dirishani. Alikaa upande wa pili.

24 Mei

Baba amelala mchana kutwa.

31 Mei, Jumapili

Mvua zimekwisha, kila mtu anasema. Nimeanika magodoro.

Saa saba simu imelia. Ilikuwa simu ya Baba, nikaipokea kwa kuwa ilikuwa karibu yangu.

"Baba yupo?" Kitinda akauliza.

"Amelala," nikasema, na neno lenyewe likanichoma ulimi. Nikaongeza haraka, "Kweli amelala. Subiri, nimwamshe."

Jirani yake alikuwa anapiga filimbi, vibaya kweli.

"Mwache," akasema. "Apumzike."

Nilingoja akate. Hakukata. Nikasogeza kiti karibu na dirisha nikakaa. Baada ya muda akaniuliza kama kule kwetu mvua zimekwisha, nikamwambia ndiyo, zimekwisha wiki hii, nimeanika magodoro. Akasema kwao bado zinanyesha.